Fomu za Tathmini ya Wahadhiri: Mwongozo Kamili wa Kuzikusanya, Kuzisoma na Kuzitumia kwa Haki

Kila muhula ukiisha napokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa wakuu wa idara na waratibu wa ubora: "Mhadhiri wangu amepata 3.2 kati ya 5 kwenye fomu za wanafunzi, wastani wa idara ni 3.9. Nimwandikie barua?" Nimewajibu mmoja mmoja kwa miaka, na kosa linarudi lilelile. Namba inachukuliwa kama alama ya mtihani, mhadhiri anaitwa ofisini, anatoka na kinyongo, na wanafunzi walioandika ukurasa mzima wa maoni hawasikii tena habari za maoni hayo.

Mwanafunzi anayejaza fomu ni shahidi. Anaeleza alichokiona na alichokipitia kwa wiki zote alizokaa darasani. Kazi ya kupima ushahidi huo na kuutolea uamuzi ni yako, na haifanywi kwa kuangalia wastani tu. Nimeandika hatua hizi kwa ajili ya mkuu wa idara. Mhadhiri anayetaka kusoma fomu zake mwenyewe aanzie hatua ya 4.

## Andaa vitu hivi kabla ya kuanza

- Orodha ya waliosajiliwa katika kozi, ikionyesha kila mmoja anasoma programu gani.
- Majibu ghafi ya kila swali, yaani wangapi walichagua 5, wangapi 4, hadi 1. Ripoti yenye wastani peke yake haitoshi. Mwombe mtu wa mfumo wa kompyuta wa chuo akutolee majibu yote kwenye Excel.
- Maoni yote ya maandishi, bila kuchujwa.
- Ukurasa mmoja wa mazingira ya kozi: ukumbi gani, saa ngapi, ni ya lazima au ya hiari, inafundishwa na wangapi, na mhadhiri huyu anaifundisha kwa mara ya ngapi.
- Matokeo ya mhadhiri huyohuyo katika kozi hiyohiyo kwa miaka miwili mitatu iliyopita, kama yapo.
- Mtu wa pili wa kusoma maoni pamoja nawe, asiwe na ugomvi wala undugu na anayetathminiwa.

Tenga pia muda. Kozi moja yenye fomu 30 inanichukua saa moja na nusu. Ukijaribu kumaliza idara nzima jioni moja utaishia kusoma wastani.

## Hatua ya 1: Amua fomu zitafanya kazi gani

Kuna kazi mbili: kumsaidia mhadhiri aboreshe ufundishaji, na kuamua mambo kama kupandishwa cheo au kuongezewa mkataba. Andika kwenye karatasi unafanya ipi, na uwaambie wahusika wote kabla fomu hazijatoka.

Mwaka 2018 mgogoro wa chuo kikuu cha Ryerson, Toronto, na chama cha wahadhiri wake uliamuliwa na msuluhishi William Kaplan. Aliagiza kwamba tathmini za wanafunzi zisitumike kupima ubora wa ufundishaji katika uamuzi wa kupandisha vyeo. Hakuzifuta. Alikubali kwamba zina thamani kama maelezo ya wanafunzi kuhusu waliyoyapitia darasani. Hapo ndipo nami ninaposimama, na mwongozo huu umejengwa juu ya msimamo huo.

## Hatua ya 2: Uliza kile mwanafunzi anachoweza kukishuhudia

Hapa ndipo fomu nyingi zinapoharibika. Chukua swali hili, ambalo nimelikuta kwenye fomu za vyuo vingi: "Mhadhiri ana ujuzi wa kutosha wa somo lake." Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atalijuaje hilo? Amekuja kujifunza somo ambalo hajui. Atajibu kwa kuangalia namna mhadhiri anavyojiamini, sauti yake, labda na umri wake. Swali hilo lipeleke kwa wenzake wa taaluma na kwa mtahini wa nje.

Mwanafunzi anaweza kusema kwa uhakika kama kipindi kilifanyika, kama aliyekaa nyuma alisikia, kama mwongozo wa kozi ulitolewa wiki ya kwanza, kama maswali yalipokelewa, na kazi zilirudishwa baada ya siku ngapi.

Zingatia hilo neno "siku ngapi". Kuna utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015, wa kozi iliyofundishwa kwa mtandao kwa wanafunzi 43. Wakufunzi wawili, mwanamume na mwanamke, walifundisha kila mmoja makundi mawili. Kundi moja la kila mkufunzi lilimjua kwa jinsia yake ya kweli, jingine liliamini ni wa jinsia nyingine. Kazi za makundi yote zilirudishwa kwa wakati mmoja. Hata hivyo, kwenye kipengele cha wepesi wa kurudisha kazi, mkufunzi aliyedhaniwa ni mwanamume alipata 4.35 kati ya 5, na aliyedhaniwa ni mwanamke akapata 3.55. Siku zilikuwa zilezile, na bado hisia zilitofautiana.

Kwa hiyo badala ya "Mhadhiri hurudisha kazi kwa wakati" yenye 1 hadi 5, andika:

"Jaribio la kwanza lilirudishwa baada ya: chini ya wiki 2 / wiki 2 hadi 4 / zaidi ya wiki 4 / halijarudishwa."

Badala ya "Mhadhiri huwasilisha vizuri", andika: "Nilipokaa nyuma ya ukumbi nilisikia: mara zote / mara nyingi / mara chache / sikusikia kabisa / sijawahi kukaa nyuma." Badala ya "Anahudhuria ipasavyo", andika: "Kwa kumbukumbu yako, vipindi vingapi havikufanyika na havikufidiwa?"

Acha nafasi ya maandishi kwa maswali mawili tu: Ni kitu gani kilikusaidia kuelewa? Ni kitu gani kibadilishwe kwa watakaosoma kozi hii mwakani? Swali la pili huwatoa wanafunzi kwenye kumsema mtu na kuwaweka kwenye kazi.

Kozi ikifundishwa na watu wawili, weka fomu mbili. Nimeona mkufunzi msaidizi akibebeshwa lawama za mhadhiri aliyekuja mara tatu muhula mzima, kwa sababu tu fomu ilikuwa moja na jina lake ndilo lililokuwa juu.

Fomu yako iko tayari pale ambapo swali lolote unaweza kulithibitisha kwa njia nyingine: ratiba, daftari la mahudhurio, tarehe kwenye karatasi za majaribio.

## Hatua ya 3: Chagua siku na namna ya kujaza

Jaza kabla ya mitihani ya mwisho, ndani ya muda wa kipindi, dakika 15 za mwanzo. Dakika za mwisho hazifai kwa sababu kila mtu anawahi chakula au daladala. Mhadhiri atoke nje. Kiongozi wa darasa agawe fomu au asome kiungo cha mfumo, na akusanye bila kusoma.

Vyuo vingi vya kwetu vimeamua njia nyingine: mfumo unafunga matokeo mpaka mwanafunzi ajaze tathmini. Idadi ya waliojaza inapanda, lakini angalia kinachoingia humo. Mwanafunzi ana shauku ya kuona kama ana sapu (mtihani wa marudio) au hana. Kozi sita, kila moja maswali 20, simu ina bando kidogo. Anabonyeza 3 kuanzia juu hadi chini. Kama chuo chako kinatumia njia hii na huwezi kuibadilisha, zitenge fomu ambazo maswali yote yana jibu moja, uzihesabu, uzitaje kwenye ripoti, kisha usome zilizobaki.

Siku ya kujaza mhadhiri asilete soda wala biskuti. Chuo kikuu cha Münster, Ujerumani, kilifanya jaribio kwa wanafunzi wa udaktari wa tiba wa mwaka wa tatu: baadhi ya vikundi viliwekewa gramu 500 za biskuti za chokoleti darasani, vingine havikuwekewa. Waliokula biskuti waliwapa walimu alama za juu zaidi, na hata vitini vya kozi walivisifu zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018.

Onyo la usiri: darasa la uzamili lenye wanafunzi wanne halina usiri wowote. Mhadhiri atawatambua kwa mwandiko, kwa Kiingereza chao, hata kwa malalamiko yenyewe. Waliojibu wakiwa chini ya watano usitoe ripoti. Subiri uunganishe na mwaka unaofuata, au mtu wa kitengo cha ubora aongee nao pembeni.

## Hatua ya 4: Hesabu waliojibu kabla ya kuangalia alama

Tuseme kozi ina wanafunzi 120 na waliojibu ni 30. Majibu yao kwa swali moja yanatoa wastani wa 3.27. Hao 90 wengine wangesema nini? Kama wote wangetoa 1, wastani wa darasa ungekuwa 1.57. Kama wote wangetoa 5, ungekuwa 4.57. Ukweli uko mahali fulani katikati, na hizo desimali mbili za mfumo hazikusogezi karibu nao.

Andika juu ya ripoti, kwa herufi kubwa kuliko wastani: WAMEJIBU 30 KATI YA 120. Kisha uliza nani hawapo. Kama kozi inasomwa na programu mbili na waliojibu karibu wote ni wa programu moja, unasoma habari za nusu ya darasa.

Darasa dogo lina hatari yake. Wakijibu 12, mmoja akibadilika kutoka 5 hadi 1, wastani unashuka kwa 0.33. Tofauti ya 4.1 na 4.3 kati ya wahadhiri wawili haina maana yoyote, na kuwapanga kwa nafasi kwenye ubao wa matangazo ni kuwadhulumu. Naomba zoezi hilo liachwe.

## Hatua ya 5: Weka wastani pembeni, usome mtawanyiko

Huu ni mfano nilioutengeneza kwa ajili ya mafunzo. Wahadhiri wawili, kila mmoja fomu 30, swali moja: "Nilielewa mifano iliyotolewa darasani", 1 hadi 5.

Mhadhiri A: wa 5 ni 12, wa 4 ni 4, wa 3 ni 2, wa 2 ni 4, wa 1 ni 8.

Mhadhiri B: wa 5 ni 1, wa 4 ni 10, wa 3 ni 15, wa 2 ni 4, wa 1 hakuna.

Jumlisha. Wote wanapata 98, ukigawa kwa 30 ni 3.27. Mfumo utawaandika sawa. Lakini kwa B darasa zima linaelewa kiasi, hakuna aliyeachwa kabisa. Kwa A kuna madarasa mawili ndani ya ukumbi mmoja: 12 wanaruka naye, 8 wamepotea. Ukimwambia A "ongeza juhudi" hujamsaidia kitu. Cha kufanya ni kuwatafuta hao 8. Mara nyingi wana kitu kinachowaunganisha: hawakusoma hesabu kidato cha sita, au wameingia kwa stashahada, au wanatoka programu nyingine na kozi imewekwa kwao kama nyongeza. Hapo dawa ni madarasa ya ziada ya wiki tatu za mwanzo, na anayepaswa kuyapanga ni idara.

Chora kila swali kwa vijiti vya kalamu kwenye karatasi. Ukiona vilima viwili na bonde katikati, simama hapo mpaka ujue sababu. Umefaulu hatua hii ukiweza kueleza kila swali bila kutaja wastani: "wengi wanasikia, wachache wa nyuma hawasikii."

## Hatua ya 6: Soma maoni kwa mafungu

Usisome maoni ukiwa peke yako, na usisome mara moja tu. Jicho la binadamu linakamata tusi moja na kusahau sifa kumi.

Kata kila oni liwe karatasi yake. Likiwa na mambo mawili, likate mara mbili. Wewe na mwenzako gawanyeni kila mmoja kivyake kwenye mafungu manne: yanayomhusu mhadhiri, yanayohusu kozi na silabasi, yanayohusu chuo, na yasiyofaa. Kisha linganisheni. Mnapotofautiana ndipo penye mazungumzo.

Mfano wa maoni jinsi yanavyokuja: "Slaidi zinakimbia, tunapiga picha tu." Hilo ni la mhadhiri. "Testi ya kwanza hatujarudishiwa mpaka leo na UE (mtihani wa mwisho wa muhula) wiki ijayo." La mhadhiri pia, na ni la haraka, usisubiri ripoti, mpigie leo. "Tunasoma saa 1 usiku, umeme ukikatika tunarudi hosteli." La chuo. "Anajidai sana kwa mwanamke." Lisilofaa. Litolewe kabla mhadhiri hajapewa, lakini lihesabiwe. Yakiwa matano katika darasa moja, una tatizo la darasa hilo, na namba walizotoa uzisome kwa tahadhari.

Tishio, au madai ya rushwa ya ngono au ya fedha, hayaingii kwenye fungu lolote. Yanakwenda siku hiyohiyo kwenye ofisi ya maadili au dawati la jinsia kwa utaratibu wa chuo. Fomu ya tathmini haichunguzi makosa hayo, na ukiyapeleka kwanza kwa mtuhumiwa unamhatarisha mwanafunzi.

Katika kitengo nilichowahi kufanya kazi tulipokea fomu 30 za darasa la jioni. Mhadhiri alikuwa na 2 nyingi kwenye uwasilishaji, na barua ya onyo ilikuwa imeshaandikwa, inasubiri sahihi. Tulipokata maoni, vikaratasi 11 vilisema jambo moja kwa maneno tofauti: hatusikii. Mwenzangu alitembea hadi ukumbini. Spika ya upande wa kushoto ilikuwa imekufa, nyaya zimening'inia. Mwaka uliotangulia, katika ukumbi mwingine, mhadhiri yule hakuwa na lalamiko hata moja la sauti. Barua ikachanwa. Bado najiuliza ni ngapi zilisainiwa kabla hatujaanza kukata vikaratasi.

## Hatua ya 7: Ondoa uzito usiomhusu

Alama inabeba vitu ambavyo mhadhiri hakuvifanya. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 ulipitia fomu 23,001 za wanafunzi 4,423 wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja Ufaransa, waliowatathmini walimu 379. Wanafunzi wa kiume waliwapa walimu wanaume alama za juu zaidi, ilhali kwenye mtihani wa mwisho waliofundishwa na wanaume hawakufanya vizuri zaidi.

Kuna jambo zito zaidi. Katika chuo cha jeshi la anga la Marekani, Colorado, wanafunzi hupangiwa walimu kwa bahati nasibu na hufanya mtihani mmoja. Utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba walimu waliopata tathmini nzuri waliwafaulisha wanafunzi katika kozi ileile, lakini wanafunzi hao walifanya vibaya zaidi katika kozi za mbele zilizotegemea ile ya kwanza. Mwalimu anayekulazimisha kuelewa kwa kina anachosha, na uchovu huo unaonekana kwenye fomu kabla faida haijaonekana.

Kwa vitendo: mlinganishe mhadhiri na yeye mwenyewe wa miaka iliyopita katika kozi hiyohiyo, usimlinganishe na wa jirani. Kozi ya lazima ya takwimu yenye watu 300 haiwezi kuwekwa mizani moja na semina ya hiari yenye watu 15. Juu ya fomu weka sentensi mbili zinazowakumbusha wanafunzi kwamba maoni yasitokane na jinsia, kabila, lafudhi au sura ya mhadhiri. Chuo kikuu cha Iowa State walipojaribu maneno ya aina hiyo, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019, alama za walimu wanawake zilipanda na za wanaume hazikubadilika. Ni aya moja, haina gharama.

## Hatua ya 8: Tafuta ushahidi wa pili

Kila jambo unalotaka kumweleza mhadhiri lithibitishe kwa njia moja nyingine. Linahusu mahudhurio? Angalia daftari. Linahusu mtihani uliotoka nje ya silabasi? Weka mtihani na silabasi mezani, soma ripoti ya mtahini wa nje. Linahusu ufundishaji wenyewe? Mwenzake wa taaluma akae darasani vipindi viwili, kwa miadi.

Ukikosa ushahidi wa pili, liseme kama swali. Na kama uamuzi unahusu mkataba wa mtu, bila ushahidi wa pili usiutoe kabisa.

## Hatua ya 9: Kaa na mhadhiri

Mpe ripoti siku mbili kabla, ili asiisome mbele yako. Mkutane ofisini kwake ikiwezekana. Anza na kilichowasaidia wanafunzi, kwa maneno yao. Kisha mambo mawili, yasizidi.

"Dokta, wanafunzi 9 kati ya 30 wanasema slaidi zinakwenda haraka. Wewe ulionaje?" Halafu nyamaza. Mara nyingi atakueleza kitu ambacho fomu haikukijua: kozi iliongezewa mada tatu bila kuongezewa saa.

Malizeni kwa kuandika jambo moja atakalobadilisha yeye na jambo moja litakalofanywa na idara, na tarehe. Wote wawili mweke sahihi. Mkutano ambao ahadi zote ni za upande wa mhadhiri haukuwa wa haki.

## Hatua ya 10: Wajibu wanafunzi

Wanafunzi wanaacha kujaza kwa uaminifu kwa sababu hawajawahi kuona jibu. Wiki ya kwanza ya kozi hiyo mwaka unaofuata, mhadhiri atumie dakika tano kusoma karatasi ya mistari mitatu au minne, ambayo pia itabandikwa ubaoni na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa:

"Waliotutangulia walisema slaidi zinakimbia. Mwaka huu slaidi zitatumwa siku mbili kabla ya kipindi. Walisema ukumbi hausikiki. Spika imetengenezwa, jaribuni nyuma mniambie. Waliomba testi ziwe tatu. Hilo hatukuliweza, kwa sababu hatuna wasahihishaji wa kutosha kwa watu 300."

Huo mstari wa mwisho usiuache. Kisha mwachie aliyekaa kiti cha nyuma kabisa aseme kama anasikia.